Maji meusi kwa skrini hayana jina

Kuna tabia imeingia kwa hii kazi yetu. Intani, daktari ambaye bado anajifunza kazi, ako kasualti saa nane usiku, anapiga picha ya skrini ya ultrasaundi na simu, anairusha WhatsApp na maneno mawili tu: "Daktari, nini hii?" Hakuna umri, hakuna kama ni mama ama mzee, hujui kama ana homa, hujui ni ubavu wa kulia ama wa kushoto, na picha yenyewe imepigwa kwa kona mpaka taa ya dari inaonekana ndani ya figo. Mimi huwa najibu na swali langu, huyo amelala hapo ni nani? Wengine wanadhani nawaringia. Siringi. Ni vile hiyo picha bila mtu hainiambii kitu, na wacha nieleze kwa nini mara moja hapa, juu kila kundi jipya la maintani linakuja na maswali yale yale na vidole vyangu vimechoka kuchapa.

Ultrasaundi ya kando ya kitanda inajua vitu vichache sana. Maji yanaonekana meusi kwa sababu sauti inapita ndani yake bila kurudi. Mfupa na mawe yanarudisha karibu sauti yote, nyuma yake kunabaki kivuli. Hewa nayo inairudisha na kuitawanya, skrini inajaa vurugu nyeupe. Nyama kama ini, bandama na figo ni kijivu cha viwango tofauti tofauti. Basi, imeisha hapo. Sasa mkojo ni mweusi, damu mbichi ni nyeusi, maji ya TB kifuani meusi, maji ya tumbo ya mtu wa moyo meusi, supu aliyokunywa jioni ikiwa bado iko tumboni nayo meusi. Mashine haiandiki jina. Jina linatoka kwa mgonjwa, kwa umri wake na homa yake na alikotoka na dawa anazomeza.

Tuanze na figo, hapa ndio watu wanarukia majibu haraka zaidi.

Chukua mzee wa miaka 70 na kitu kutoka upande wa Ahero, kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo hutoa, imepanda vibaya, familia imeshaambiwa daialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, wanafanya harambee ya mafuta ya gari ya kumpeleka. Unaweka probu, kile kichwa cha mashine unachoshika, ubavuni unaona figo zote mbili katikati pamefunguka peusi, pale ambapo kwa kawaida pangekuwa peupe kwa ajili ya mafuta. Hiyo ndio haidronefrosisi, mkojo umerudi nyuma. Kabla hujasema neno lolote kuhusu figo, telezesha probu chini ya kitovu. Kibofu kimejaa mpaka kimekaribia kitovu, na mzee anakwambia lakini daktari mimi nakojoa, ndiyo baba unakojoa, ile inayomwagika juu ya iliyojaa. Tezi dume imekua ikaziba njia. Unaweka kateta, mpira wa kutoa mkojo, na mkojo unatoka mpaka mfuko unabadilishwa, na siku zinazofuata kreatinini inaanza kushuka yenyewe. Kuna wazee wa namna hii wanaenda kuangaliwa kwa mashine ya kusafisha damu na dawa yao ilikuwa mpira mmoja. Halafu usimwache tu baada ya kateta ukaenda kunywa chai, figo zikifunguliwa zinaweza kumwaga mkojo mwingi kupita kiasi kwa saa nyingi, pima unaotoka, mrudishie maji na angalia chumvi za damu.

Picha ile ile, figo zote mbili zimefunguka, lakini aliyelala ni mama wa miaka 45 na kibofu chake ni kitupu. Sasa hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Muulize kuhusu damu inayotoka kati ya hedhi ama baada ya kukutana na mume, halafu vaa glavu uangalie mlango wa kizazi, juu kensa ya pale inaziba mirija ya mkojo pande zote mbili na hapa kwetu bado inakuja ikiwa imechelewa. Usiweke kateta ukifikiri umemaliza, mahali palipoziba pako juu ya kibofu.

Na picha hiyo hiyo tena, figo ya kulia tu, msichana mwenye mimba ya miezi saba, hana maumivu wala homa na mkojo uko sawa. Hiyo mara nyingi ni mimba yenyewe, upande wa kulia hufunguka zaidi ya kushoto. Mpe pole na umwache. Lakini akiwa na homa na kutetemeka, na ukitazama vizuri ule weusi sio msafi, una vumbi-vumbi linaelea ama limetulia chini, hapo usilale. Hiyo inaweza kuwa usaha umefungiwa ndani ya figo, antibaiotiki peke yake haitoshi, lazima utolewe, na hiyo ni safari ya usiku huo huo.

Kijana wa kutoka Kwale ama Tana River ambaye amekuja kufanya kazi Kisumu na figo zimefunguka, muulize kama alikuwa anakojoa damu akiwa mtoto. Kichocho cha kibofu ni cha huko Pwani hasa, kinaacha ukuta wa kibofu umekuwa mnene na mirija imekazwa na makovu. Kichocho chetu cha ziwani ni kingine, nitafika huko.

Mitego midogo ya figo niipitie haraka. Mishipa ya damu katikati ya figo ni myeusi pia, washa rangi ya Dopla uone kama kuna kitu kinatembea kabla hujaita haidronefrosisi. Kibofu kikijaa sana hata mtu mzima mzima anaonyesha kufunguka kidogo, mwambie akojoe halafu rudia. Na kinyume chake ndio hatari zaidi, mtu aliyeziba leo asubuhi, ama aliyekauka maji kwa kuhara na kutapika, figo yake inaweza kuonekana haina shida na kumbe imeziba. Mpe maji, rudia baadaye.

Urefu wa figo ya mtu mzima ni kama sentimita 9 mpaka 12. Ikiwa ndogo, imeng'aa kuliko ini na gamba lake limekuwa jembamba, hiyo imeharibika zamani, sio jana. Watu wengi wanaishia hapo kwamba ndogo ni ya zamani na kubwa ni ya juzi, halafu wanakutana na mtu wa sukari, ama mtu wa HIV ambaye virusi vyenyewe vimeharibu figo, na figo zao ni za kawaida ama kubwa kabisa huku zimeng'aa na zimeshachoka. Na ukilinganisha na ini, hakikisha ini lenyewe ni zima. Ini lenye mafuta linang'aa, basi figo gonjwa likikaa karibu nalo linaonekana zuri. Ah, na figo ndogo haimaanishi ufunge faili. Mtu wa figo mbovu ya zamani naye huhara, huishiwa maji, na kile kidogo alichobakisha unaweza kukiokoa.

Sasa figo zikishindwa maji yanapanda juu, na hapo ndio tunaingia kifuani.

Zamani tulifundishwa mapafu hayapigwi ultrasaundi, kwamba hewa inaharibu picha. Ni kweli hewa inaharibu picha, ila Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi kule Ufaransa, alikaa miaka akiuangalia huo uharibifu wenyewe akaona una mpangilio, na 2008 ndio akachapisha ile njia yake inayoitwa BLUE ya kumchunguza mtu anayeshindwa kupumua. Kwa hivyo kwa mapafu husomi pafu lenyewe, unasoma makosa ya picha. Nilivyoelewa hiyo mambo yakawa rahisi sana.

Weka probu kati ya mbavu mbili. Utaona mstari mweupe unang'aa chini ya mbavu, hiyo ni plura, ngozi inayofunika pafu, na mtu akipumua inateleza. Chini yake ukiona mistari ya kulala inayojirudia kwa umbali sawa, hiyo ni mistari A, hewa tu. Ukiona mistari ya kusimama inaanzia kwa plura inashuka mpaka mwisho wa skrini bila kufifia na inatembea na pumzi, kama taa za matatu kwenye ukungu wa Timboroa, hiyo ni mistari B. Mmoja ama miwili kwa nafasi moja ya mbavu wacha. Mitatu kwenda juu, kuna kitu.

Kitu gani? Hapo tena tunarudi kwa mtu. Pande zote mbili, plura laini, mama amejifungua wiki mbili zilizopita na hawezi kulala chali, fikiria moyo uliolegea baada ya uzazi, weka probu kwa moyo uangalie unavyopiga. Pande zote mbili, mgonjwa wa figo amekosa kusafishwa damu wiki hii, hayo ni maji, na raha yake ni kwamba ukimwangalia tena baada ya daialisisi mistari imepungua, unaiona na macho. Pande zote mbili lakini plura imekwaruzika, kuna sehemu mbovu na katikati sehemu nzima, na huyu ni kijana mwenye HIV ambaye hajaanza dawa ama aliziacha, amekonda na oksijeni yake inashuka akitembea mpaka choo, hapo nafikiria ile nimonia ya kuvu ya PCP na siwezi kumpa Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, nikatulia. Upande mmoja peke yake na homa, nimonia ya kawaida. Pale juu tu upande mmoja, kwa mzee aliyewahi kutibiwa TB, inaweza kuwa kovu la zamani wala hakuna kipya.

Hilo kovu la TB lina ujanja mwingine. Plura ikishikana haitelezi. Intani anaona haitelezi anasema hewa imevuja kifuani, anaitisha mpira wa kifua. Ngoja kwanza! Kutoteleza peke yake hakutoshi, hata mtu ambaye bomba la kupumulia limeingia kwa pafu la upande mmoja tu, pafu la upande wa pili haliteleziki. Ukiona mistari B hapo, ama plura inadunda kidogo na mapigo ya moyo, hapo mahali hakuna hewa iliyovuja. Unachotafuta ni ile sehemu ambapo pafu linagusa na kuachia, upande huu wa skrini inateleza, upande ule imetulia. Ukiipata hiyo una uhakika. Ukiikosa na mgonjwa yuko imara, kuna eksirei. Mgonjwa akiwa anakufa mbele yako na kila dalili ya kitandani inasema hewa, hapo huhitaji mimi wala mashine, fanya ulichofundishwa.

Maji kifuani. Kabla ya yote tafuta kiwambo, ule ukuta wa nyama unaotenga kifua na tumbo, juu nimeshaona mtu ameshika sindano anataka kuingiza mahali pana maji ya tumbo. Ukiwa ubavuni angalia pia uti wa mgongo, kwa mtu asiye na shida kifuani mifupa yake inaonekana nyuma ya ini halafu inapotea ikifika kwenye kiwambo kwa sababu hewa imeificha. Ikiendelea kuonekana juu ya kiwambo, hewa imeondoka hapo, kuna maji ama pafu limeganda. Pafu lililoganda linafanana na ini kabisa na ndani yake unaona vitone vyeupe vinapanda na kushuka na pumzi. Maji yakiwa na nyuzi-nyuzi ama vyumba vyumba sio ya moyo, ni TB ama usaha ama kensa. Lakini maji meusi safi hayakuhakikishii kwamba sio TB, hapo ndio watu wanadanganyika. Vuta kidogo, peleka maabara.

Upande wa kushoto kama hujui maji ni ya kifua ama ya mfuko wa moyo, tafuta aota, ule mshipa mkubwa wa damu, nyuma ya moyo. Maji ya moyo yanapita mbele yake, ya kifua yanakaa nyuma yake. Hiyo imenisaidia zaidi ya kitabu chochote.

Tumbo sasa, na hapa ndio ukanda wetu una mambo yake.

Mtu wa ziwani, mvuvi wa Dunga ama mchimba mchanga ama wale vijana wa kuosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji, anakuja ametapika damu nyingi, hana historia ya pombe. Bandama imeshuka mpaka kitovu. Ini ukiliangalia, mishipa ya ndani imezungushiwa kuta nyeupe nene, zinafuata matawi kutoka katikati kwenda pembeni, na mshipa mkubwa unaoingia ini umepita milimita 13. Hiyo ni kazi ya kichocho cha tumbo, mansoni, mayai yake yamekuwa yakiziba pale miaka na miaka. WHO wana utaratibu wao unaoitwa wa Niamey unaogawa hizo sura kwa herufi A mpaka F, A ni ini zima, B ni madoa madoa wanayoita anga la nyota, C kwenda chini ndio makovu yanazidi. Mimi kitandani sihitaji herufi, nahitaji kujua kwamba huyu anatoka damu kwa mishipa ya koo na anahitaji damu, dawa ya kushusha presha ya hiyo mishipa na kamera ya tumbo, na kwamba ini lake mara nyingi bado linafanya kazi vizuri kuliko la mtu wa pombe mwenye picha inayofanana. Prazikwanteli atapewa, inaua minyoo, ila mishipa ya koo haitarudi ndani kwa ajili ya kidonge.

Halafu TB ya tumbo. Kisumu, Siaya, Homa Bay, HIV iko juu kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa hivyo mtu mwenye HIV aliyekonda ana homa na makohozi yake hayana kitu, sisi tunapiga FASH, ile skani fupi ya kutafuta TB iliyosambaa. Maji kwa mfuko wa moyo, maji kifuani, maji tumboni, matezi yaliyopita sentimita 1.5 pembeni ya aota na karibu na ini, na vidoti vyeusi ndani ya bandama. Vile vidoti ni vidogo, vingi havifiki hata sentimita moja, na probu ya tumbo inavipita tu bila kuviona. Badilisha uweke probu bapa, ile ya mishipa, utashangaa. Hivyo vyote pia limfoma, kensa ya matezi, inaweza kuvileta, kwa hivyo ukianza dawa za TB na baada ya wiki kadhaa mtu anazidi kuharibika usiendelee kumlaumu kwamba hamezi.

Bandama kubwa peke yake hapa kwetu haina maana moja. Mtoto, malaria za kila mara. Mtoto mwenye seli mundu akiwa mdogo inakuwa kubwa, akikua inanyauka mpaka huioni, na mawe kwa nyongo yanaanza mapema. Na ukiweka probu kwa tumbo la mtoto wa miaka sita ukakuta nyama kubwa ya kijivu, figo zimenenepa pande zote mbili, usipoteze wiki ukiita minyoo. Ukanda huu wa malaria ndio wa limfoma ya Burkitt, daktari aliyeieleza 1958 alikuwa hapo Uganda tu, na hiyo nyama inakua kwa siku wala sio kwa miezi. Andika barua, piga simu, mtoto aende Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, ama hospitali ya rufaa ya Eldoret kesho.

Kuta nene za kifuko cha nyongo, zaidi ya milimita 3, sio lazima nyongo ni mgonjwa. Mwenye maji tumboni, moyo, homa ya ini, wote kuta zinanenepa. Kama hakuna jiwe na ukibonyeza na probu pale pale hashtuki, mpasuaji asiamshwe.

Na boda boda. Ukitafuta damu tumboni baada ya ajali usiishie tu kati ya ini na figo, shuka mpaka ncha ya chini ya ini, damu kidogo inaanza hapo. Inahitaji mililita mia kadhaa ndio uione, kwa hivyo skani nzuri dakika kumi baada ya ajali haina uzito. Damu ikiganda inakuwa ya kijivu inafanana na nyama, usitafute weusi peke yake. Iliyovuja nyuma karibu na mgongo ama kutoka kwa nyonga hutaiona kabisa. Mama wa umri wa kuzaa mwenye maji tumboni na kipimo cha mimba kinasema ndiyo, hiyo ni mimba ya nje ya kizazi mpaka uthibitishe vingine, hata kama alianguka kwa boda.

Ndio maana nasumbua watu kuhusu faili. Usiandike "ultrasaundi sawa". Andika ulikuwa unatafuta nini, uliangalia wapi, mgonjwa amelala vipi, saa ngapi, na mahali gesi ilikuzuia usione. "Saa nne usiku, amelala chali, maji hayajaonekana kulia na kwa nyonga, kushoto gesi nyingi." Presha ikishuka saa saba mwenye zamu atajua aanzie kushoto.